Mfuko wa Hatari: Somo kwa Wakulima wa Skimu



Mwezi huu hatutasema habari za mbolea wala za kupanda. Twataka kusema habari za mfuko mmoja ambao waweza kuufunga nyumbani kwako jioni moja tu, baada ya kukamua ng'ombe. Mfuko huu ni wa siku ile ambapo maji yatakuja ghafula, nawe huna nafasi ya kufikiri. Tafadhali soma somo hili pamoja na watu wote wa nyumba yako, na asiyejua kusoma asomewe.

KWA NINI SISI WA SKIMU

Skimu nyingi za makazi katika Kenya zilifunguliwa tangu mwaka 1962, yalipokatwa mashamba makubwa ya walowezi. Mengi ya mashamba hayo yalikuwa na mabwawa ya zamani, na leo ziko nyumba zilizojengwa chini ya mabwawa hayo. Skimu nyingine, kama zile za mpunga za Ahero karibu na mto Nyando, na Bunyala karibu na mto Nzoia, ziko katika nchi tambarare kwa sababu mpunga wataka maji. Maji yale yale yanayotulisha ndiyo yanayoweza kututoa nyumbani.

Wazee wetu wakumbuka mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961. Baadaye zikaja mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilibomoka huko Solai, Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua njia karibu na Mai Mahiu, yakachukua nyumba na makumi ya watu. Angalia jambo moja: Solai na Mai Mahiu, maji yote mawili yalikuja gizani, watu wakiwa nyumbani. Mtu aliyeamshwa usiku hawezi kutafuta kitambulisho, tochi na dawa ya mtoto. Huchukua kilicho karibu na mkono wake, na mara nyingi si kile anachokihitaji.

HABARI YA MTU ALIYERUDI

Nitawaambia habari moja niliyoiona mwenyewe. Katika skimu ambako nilikuwa karani, mto ulivunja kingo zake usiku wakati wa masika. Mkulima mmoja alitoka salama pamoja na mkewe na watoto wanne, wakapanda hadi kwenye kilima cha shule. Hapo akakumbuka kwamba barua aliyopewa alipogawiwa shamba, pamoja na stakabadhi zote za malipo yake, zimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mkewe alimshika shati. Yeye akasema, "Bila barua ile sisi ni maskwota." Akarudi. Tulimpata siku ya tatu katika mashamba ya mpunga.

Nakala ya barua ile ilikuwa katika faili yake ofisini kwetu, juu ya kabati, mahali pakavu. Nakala za malipo yake pia zilikuwapo. Mjane wake alipokuja nilimtolea faili, nikamwonyesha kila karatasi, na shamba likabaki lao. Yeye aliniuliza neno moja tu: "Alijua kwamba ziko hapa?" Hakujua. Alikuwa amekuja mbele ya meza yangu mara nyingi kwa habari za mbegu na mbolea, wala mimi sikuwahi kumwambia.

Kwa sababu hiyo naandika somo hili, na neno lake kubwa ni hili: Mfuko wa hatari si wa kukupa raha huko uendako. Kazi yake ya kwanza ni kukuzuia usirudi. Mtu ambaye vitu vyake vya lazima viko begani hana sababu ya kurudi ndani ya maji.

KARATASI

Basi tuanze na karatasi, kwa kuwa ndizo zinazowarudisha watu wengi. Kusanya hizi:

(a) Vitambulisho vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
(b) Barua ya kugawiwa shamba au hati ya shamba, na stakabadhi za malipo.
(c) Kadi za kliniki za watoto wadogo, na kadi ya hospitali ya yeyote anayemeza dawa kila siku.
(d) Kitabu cha chama cha ushirika na cha benki.
(e) Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono nambari za simu za jamaa watatu, mmoja wao awe anakaa mbali na mto wenu. Simu ikizima, karatasi haizimi.

Toa nakala za zote. Seti moja iwe kwa ndugu yako aliye mahali pa juu, na nyingine katika mfuko wa hatari. Zipige picha pia kwa simu, umtumie mtoto wako au ndugu aliye mjini. Kisha nenda kwenye ofisi inayoshughulikia skimu yenu, uombe kuonyeshwa faili yako, uhakikishe kwamba barua yako imo. Usione haya kuuliza. Karani yuko pale kwa kazi hiyo.

Vitambulisho na kadi za hospitali huzitumia mara kwa mara, kwa hiyo zikae katika mfuko mdogo wa kitambaa wenye kamba ya kuvaa shingoni, nao uning'inie pamoja na mfuko wa hatari. Karatasi zote zifunge ndani ya nailoni. Wakulima wengi mnayo magunia yale yasiyopitisha hewa ya kuhifadhia mahindi. Gunia likitoboka, usitupe nailoni yake ya ndani. Kata kipande kizima, funga karatasi mara mbili, kaza kwa mpira.

Na kama hati halisi ya shamba itachukuliwa na maji, je? Jua kwamba sheria ina njia. Utaandikisha habari polisi, utaomba katika ofisi ya ardhi, tangazo litatolewa katika Gazeti la Serikali, na baada ya siku 60, kama hakuna mwenye pingamizi, hati nyingine yaweza kutolewa. Ni kazi yenye kuchosha na ina gharama. Lakini hati hutolewa mara ya pili, na mtu hatolewi mara ya pili.

CHAKULA CHA SIKU TATU

Funga chakula cha siku tatu. Mara nyingi msaada huchelewa kwa sababu barabara zimekatika, wala si kwa sababu umesahauliwa.

Wengi hukosea hapa. Hufunga unga na maharagwe, kwa kuwa ndicho chakula chetu. Lakini maharagwe yataka moto wa saa mbili na maji mengi, nawe utakuwa umekaa juu ya kilima chenye kuni mbichi. Chakula cha mfuko kiwe cha kuliwa kama kilivyo: karanga zilizokaangwa, biskuti kavu, sukari na chumvi. Ongeza pakiti moja ya unga wa uji kwa siku mtakapopata moto.

Mtu mzima ahitaji nguvu ya kalori kama 2,100 kwa siku. Gramu 200 za karanga zatoa karibu nusu yake, na gramu 150 za biskuti pamoja na gramu 50 za sukari zatoa karibu nusu iliyobaki. Jumla ni gramu 400 kwa mtu mzima kwa siku moja. Karanga ziwe kavu kabisa. Zenye ukungu au uchungu zitupwe, kwa maana zina sumu. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zaweza kumkaba, zitwange kwanza. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Maziwa ya mama ndiyo chakula kisichoingia maji machafu.

MAJI YA KUNYWA

Mtu ahitaji maji ya kunywa kama lita 3 kwa siku. Lita moja ni kilo moja. Nyumba ya watu watano kwa siku tatu itataka lita 45, yaani kilo 45, na hapana mtu atakayekimbia na mzigo huo. Kwa hiyo chukua maji ya usiku wa kwanza na asubuhi yake, na pamoja nayo chukua njia ya kusafisha mengine.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuchemsha: maji yatokote sana kwa dakika moja, na kwa wale wanaokaa juu ya mita 2,000, kama Kinangop, dakika tatu. Ya pili ni dawa ya klorini, ya chupa au ya vidonge: chuja maji kwa kitambaa safi, tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa, ngoja dakika 30. Ya tatu, kama huna moto wala dawa, tia maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, uilaze juani saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu.

Baada ya mafuriko huja kuhara na kipindupindu. Mgonjwa hufa kwa kukaukiwa na maji mwilini. Basi jifunze kwa moyo dawa hii ya maji: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Koroga, mpe mgonjwa kidogo kidogo mara nyingi, huku mkimpeleka kwa daktari. Ndiyo sababu tulitia sukari na chumvi katika mfuko.

VITU VINGINE

Tochi na betri zake zikiwa zimetengwa. Redio ndogo. Kiberiti ndani ya chupa yenye kifuniko. Kisu. Kamba ya mita kumi. Filimbi, kwa kuwa sauti ya mtu hukauka, na filimbi husikika mbali. Ipigwe mara tatu tatu. Sufuria moja ndogo na vikombe viwili. Sabuni. Karatasi kubwa ya nailoni au turubai jepesi. Blanketi moja, na chandarua kimoja, kwa maana mbu hufuata maji yaliyotuama. Nguo ya kubadili ya mtoto. Sodo au vitambaa vya akina mama, ambavyo waume husahau daima. Bendeji na dawa ya vidonda. Dawa za siku saba kwa mwenye ugonjwa wa sukari, wa shinikizo la damu au mwingine asiyepaswa kuacha dawa hata siku moja. Pesa kidogo, za noti ndogo na sarafu, kwa sababu simu bila moto haina pesa. Viatu vya kufunika mguu viwe chini ya mfuko, kwa kuwa katika maji ya mafuriko mna misumari, mabati na miiba.

HESABU YA MZIGO

Chukua nyumba ya baba, mama, nyanya, mtoto wa miaka tisa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Chakula chao cha siku tatu ni karibu kilo 5. Maji, chupa tatu za lita 2, ni kilo 6. Vitu vingine tukivichagua vyepesi ni kilo 5. Jumla ni kilo 16.

Usiweke zote katika mfuko mmoja. Baba achukue kilo 10, na karatasi. Mama mwenye mtoto mgongoni achukue kilo 5. Mtoto wa miaka tisa achukue kilo moja, pamoja na filimbi shingoni mwake. Nyanya asichukue kitu, ashikwe mkono. Mfuko uwe wa kubeba mgongoni, mikono yote miwili ibaki wazi. Gunia la kubeba kichwani halifai, kwa maana ndani ya maji yaendayo mbio utahitaji mikono.

Ukiisha kufunga, mwambie kila mtu avae mfuko wake na kutembea hadi mahali mtakapokimbilia. Kama mmoja amechoka njiani, mzigo ni mzito. Punguza leo, si usiku ule.

MAHALI PA KUUWEKA

Mwaka wa kwanza mimi mwenyewe nilifunga mfuko vizuri, nikauweka juu ya dari, nikausahau. Baada ya miezi saba niliufungua. Panya walikuwa wamekula biskuti zote, betri zilikuwa zimevuja ndani ya tochi, na viatu vya mtoto wangu havikumwingia tena. Nilikuwa na mzigo, sikuwa na mfuko wa hatari.

Basi chakula kikae ndani ya ndoo ndogo yenye kifuniko cha kukaza, ambayo baadaye itatumika kuchotea maji. Mfuko uning'inie kwenye msumari karibu na mlango, usawa wa bega, ambapo hata mtu aliye gizani aweza kuupapasa. Uufungue mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Februari kabla ya masika, na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Kula chakula cha zamani, tia kipya. Jaribu tochi. Soma tarehe za dawa. Mwage maji, jaza mengine.

WAKATI WA KUONDOKA

Sikiliza habari za Idara ya Hali ya Hewa katika redio, na maneno ya chifu na wazee wa mtaa. Tena angalia mto wenyewe. Maji yakigeuka rangi kuwa ya matope na kuleta magogo, ondoka. Mto ukipungua ghafula huku mvua yanyesha huko juu, usifurahi. Yaweza kuwa umezibwa mahali, na kizuizi kitakapovunjika utakuja wote. Ukiona bwawa linavuja matope au tuta lake limepasuka, waarifu wote walio chini, ondoka. Ondoka mchana ukiweza. Hakuna aliyekufa kwa kulala shuleni usiku mmoja bure.

Wanyama uwafungue kamba na kufungua lango la zizi. Ng'ombe aliyefungwa hufa, aliyefunguliwa huweza kuogelea. Mbegu, jembe na magunia uviweke juu mapema, lakini usivitie katika mfuko. Mfuko ni wa watu.

Usivuke maji yaendayo mbio. Maji ya sentimita 15 tu, yasiyofika nusu ya goti, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuinua gari dogo, na sentimita 60 huchukua hata magari makubwa zaidi. Simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na ya hatari yoyote ni 999 au 112.

Nanyi mkirudi nyumbani baadaye, mahindi yaliyolowa maji ya mafuriko msiyasage kwa chakula. Huota ukungu wenye sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

JIPIME

Funika ukurasa, kisha mwulize mwenzako wa nyumbani:

1. Nakala ya barua ya shamba letu iko mahali gani tatu?
2. Tutakutana wapi kama tumepoteana usiku?
3. Nani atamshika nyanya mkono, na nani atambeba mtoto?
4. Vijiko vingapi vya sukari na kiasi gani cha chumvi kwa lita moja ya maji?
5. Tukifika kilimani na kukumbuka kitu kilichobaki nyumbani, tutafanya nini?

Jibu la swali la tano ni neno moja, nalo mtoto wa miaka tisa na alijue: Haturudi.

Kama jibu la swali lolote ni "sijui", anza na hilo. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, piga msumari mmoja karibu na mlango. Kesho kutwa tundika mfuko mtupu. Kila siku ya soko tia kitu kimoja au viwili, na masika yatakapofika utakuwa umejaa bila ya kuona uzito wa gharama. Na siku utakapopita ofisini kwa habari ya mbegu, uliza habari ya faili yako. Ukiniuliza mimi, nitaishusha kutoka kabatini hata kabla hujakaa.